Kutia Adabu

Swali lenyewe halina makeke. Limekaa katikati ya fomu ya uraia, kwenye kurasa zile zile wanazokuuliza kama wewe ni mlevi wa kupindukia, nalo linataka kujua kama umewahi kumuumiza mtu vibaya kwa makusudi, au kusaidia aumizwe. Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Mimi nililijibu langu miaka tisa iliyopita huku nimesimama, nikiwa na haraka ya kuwahi kazini. Sikumbuki hata kama nililisoma lote.

La baba lilitukalisha mezani asubuhi nzima, na mpaka leo ninapoandika haya, majibu ya fomu ile hayajarudi.

Baba ana miaka sabini na minane. Alikuwa askari polisi Tanzania kwa miaka ishirini na sita, akatoka na cheo cha sajenti. Sasa anaishi na kaka yangu Buffalo, mtaa wa Black Rock, kwenye nyumba ya mbao ambayo kaka aliinunua ikiwa inavuja na mpaka leo anaikarabati. Mimi naishi Louisville, upande wa Highview, mwendo wa siku nzima kwa gari. Columbus iko kati kati ya njia hiyo, na hapo kati kati ndipo yangu yalipoanzia.

Nilirudi shule nikiwa nimeshapita hamsini. Watoto wameondoka, mume wangu kachoka kunisikiliza nikiwasahihisha watangazaji wa redio, akasema nenda ukasome hiyo historia labda utatulia. Nikapata nafasi chuo kimoja Columbus. Ada ilipunguzwa kwa sharti kwamba nimsaidie profesa kazi yake, na kazi yake ilikuwa madaftari ya polisi wa Ayalandi, wa miaka ya mwanzo ya karne ya kumi na tisa. Picha za madaftari zilikuwa kwenye kompyuta. Mimi nizisome, nipige chapa kila mstari.

Nilimwambia sijui lolote kuhusu Ayalandi. Akaniuliza kama naweza kusoma mwandiko mbaya. Nikamwambia nimekulia kota za polisi, nimekuwa nikisoma mwandiko wa makonstebo tangu darasa la pili. Akacheka, nikaajiriwa.

Sikutegemea kuwapenda wale watu, lakini niliwapenda. Kila askari ana mstari wake. Namba, jina, urefu, dini, kazi aliyokuwa akifanya kabla, mkoa aliozaliwa, na mkoa aliozaliwa mkewe. Hilo la mke lilinishangaza mpaka nilipoelezwa kwamba askari hakutakiwa kupangiwa kazi kwa ndugu zake wala kwa wakwe zake. Nikasema moyoni, haya mambo nayajua. Sisi watoto wa kota hatukuwahi kukaa mahali tunapojua lugha ya sokoni. Unafika mji, unajifunza matusi ya pale, ukianza kuyatumia vizuri lori limekuja.

Mwisho wa mstari kulikuwa na safu ya adhabu. Hiyo ndiyo niliyokuwa naikimbilia, nisiseme uongo. Huyu amelewa. Amelewa tena. Huyu hakuwepo wakati majina yanaitwa. Huyu amelala nje ya kambi. Huyu ameoa bila ruhusa, na mimi nikimwazia bibi harusi wake, sijui naye alipewa barua. Adhabu zilikuwa za ngazi ngazi: kukatwa mshahara, kukaripiwa, kushushwa cheo, kuhamishiwa mkoa mwingine, kufukuzwa. Kuna waliofukuzwa wakaomba kurudi, wakarudishwa, wakalewa tena. Siku nyingine nilikuwa nacheka peke yangu mle maktaba mpaka wanafunzi wananiangalia.

Ile ya kuhamishwa ndiyo iliyonikata kicheko. Ilikuwa mwezi wa pili, nje theluji imegeuka tope, nimefika kwa konstebo mmoja aliyekuwa mrefu kuliko wenzake wote wa ukurasa ule. Ana adhabu nne, na baada ya kila adhabu mkoa wake unabadilika. Nikahesabu mikoa yake. Halafu, sijui nilikuwa natafuta nini, nikahesabu miji ya utoto wangu.

Mama, Mungu amrehemu, alikuwa na jibu moja kila lori lilipokuja. "Baba yenu anahitajika." Anahitajika huku, anahitajika kule. Sisi tukipanda juu ya magodoro tunawapungia wenzetu mikono, tunaringa. Nimeringa kwa jambo hilo mpaka uzeeni. Nimewahi kuwasimulia watu kwenye sherehe, Louisville hapa, kwamba baba yangu alikuwa askari hodari kiasi kwamba kila mkoa ulimtaka. Na kumbe ningeiangalia ile orodha ya miji kwa jicho la karani, ningejua.

Kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi kwenye madaftari yale, na lilichukua muda kupata sura. Nilikuwa naandika kumbukumbu zangu kwa Kiswahili, kwa sababu nikifikiri kwa Kiingereza nakuwa mwoga. Juu ya ukurasa niliandika neno nidhamu. Siku moja nikakuta mkono wangu umeandika adabu, nikafuta, nikaandika tena nidhamu, halafu nikaweka kalamu chini.

Kule kota tulikuwa na maneno hayo mawili na hatukuyachanganya. Nidhamu ilikuwa ya askari: mkanda, buti, salamu, kuwahi gwaride. Adabu ilikuwa ya raia. Raia anayo au hana, na asipokuwa nayo anatiwa. Kutia adabu. Tulilitamka mezani tukila ugali, kama unavyotamka kutia chumvi. Na madaftari yale ya Ayalandi yalikuwa ya nidhamu tupu. Askari aliadhibiwa kwa kulewa, kwa kuchelewa, kwa kuoa. Sisemi hakuna aliyeadhibiwa kwa kumpiga raia. Wapo, niliwaona wachache. Lakini hata hao kosa lao liliandikwa kwa upande wa jeshi, kwamba ametoka na silaha bila amri, kwamba ameacha kituo. Aliyepigwa hana namba, hana urefu, hana dini. Hakuna aliyemwekea safu.

Hapo ndipo aliponirudia fundi baiskeli.

Mji ule sitautaja. Ulikuwa mji mdogo wa bara, nami nilikuwa darasa la tano, miaka kumi. Nilikuwa na baiskeli ya kike ya kijani iliyokuwa ya mama, na kwenye chuma chake kulikuwa na pampu nyeupe ambayo baba aliithamini kuliko baiskeli yenyewe. Fundi alikuwa na kibanda cha bati nyuma ya soko. Alikuwa kijana, mweusi tii, anapiga mluzi muda wote, na hakuwa mchoyo wa kazi yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuziba pancha: unakwangua kwa msasa, unapaka gundi, unaipuliza, unasubiri. Alikuwa ananiambia subiri, nami siwezi kusubiri, anacheka.

Siku moja baba akaniuliza pampu iko wapi. Sikujua iko wapi. Nilijua tu kwamba nikisema sijui, fimbo ipo. Nikasema, "Fundi kaichukua."

Sikupanga. Lilitoka lenyewe. Pampu nyeupe si zipo nyingi, na hata pale kibandani ilikuwepo moja, ya kwake. Baba akavaa kofia yake akatoka. Alirudi jioni jua halijazama, akavua mkanda, akanawa mikono kwenye karai, akamwambia mama, "Nimemtia adabu." Mama akampa taulo. Tukala wali siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu wali haukuwa wa kila siku.

Baada ya siku tatu niliikuta pampu nyuma ya pipa la maji, nilipokuwa nimeiacha mwenyewe tukijaza upepo mpira. Niliogopa mpaka masikio yakaziba. Nikaifunga kwenye gauni langu la shule lililochakaa, nikaisukuma chini kabisa ya kuni. Sikumwambia mtu. Fundi alitoka mahabusu wiki iliyofuata, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Kitambaa kilipotoka, vidole havikukunja. Nilipita pale kibandani mara moja tu, kwa miguu, nikamwona ameshika spana kwa mkono wa kushoto, inamponyoka, anaiokota, inamponyoka. Hakuwa anapiga mluzi. Mama yake alikwenda kulalamika kwa wakubwa, na nilisikia wake za askari wakisema bibi yule ana kiherehere. Baada ya miezi miwili lori likaja. Baba anahitajika kusini.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani kaka aliponipigia simu mwaka jana. Alisema baba halali vizuri, anasikiliza habari, ana wasiwasi na kadi yake ya ukaazi. Siku hizi kadi haimpi mtu usingizi. Anaona watu waliokaa miaka mingi wanaitwa, wanaulizwa, wanaondolewa. Anataka uraia, ajue atafia kwa wajukuu zake. Kaka anafanya kazi kiwandani kwa zamu, na fomu, aliniambia, ni kazi ya msomi. Alilitamka hilo neno msomi kwa namna anayoijua yeye.

Baba Kiingereza chake ni cha kaunta ya kituo cha polisi. Anaweza kukuamuru kwa Kiingereza lakini hawezi kukuelewa. Kwa hiyo nilikuwa niwe mkalimani wake, na mkalimani anaweka sahihi yake kwenye fomu ile: kwamba amemsomea mwombaji kila swali kwa lugha anayoielewa, na kila jibu ni la mwombaji. Ukisaini uongo, ni uongo wako. Nikawaza, nitamsomea vipi lile swali? Nikisema kumuumiza mtu, atasema hapana, na kwake yeye itakuwa kweli. Nikisema kumtia mtu adabu, atasema ndiyo bila kupepesa, na pengine ndiyo hiyo imtoe nchini. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu kabla halijafika mdomoni mwake. Sikulipenda jambo hilo hata kidogo.

Wiki ile nilikwenda South End, hapa hapa Louisville, kununua dagaa na unga kwenye duka la mama mmoja wa Bukavu. Tumezoeana, ananiita da Tanzania, ananicheka eti Kiswahili changu kimevaa suti. Nikamuuliza, kwa utani tu, wanajeshi wakimpiga mtu kwao wanasemaje.

"Bon, wao wanasema wameonyesha mutu adabu," akasema. Alikuwa anapima dagaa. Akaongeza, "Na sisi pia tunasemaka vile. Baba yangu walimuonyesha adabu. Anatembea na fimbo mpaka leo."

Akafunga mfuko, akaniuliza kama nataka na pilipili. Nikasema nataka.

Nilianza safari Ijumaa alfajiri, nikapita Columbus bila kusimama, nikafika Black Rock alasiri. Baba alikuwa amerudi kutoka kuswali, ameketi dirishani na kanzu na koti juu yake. Nyumba nzima imetapakaa vifaa vya ujenzi vya kaka, lakini chumba cha baba unaweza kukikagua. Shuka imevutwa, viatu vimepangwa kisigino kwa kisigino, vimeng'arishwa. Anaviangalia viatu vya wajukuu mlangoni anatikisa kichwa. Wao wanamjibu kwa Kiingereza, yeye anawaita makuruti.

Kesho yake asubuhi, kaka kazini, wajukuu kwenye mpira, tukakaa jikoni. Nilipika chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Baba akaleta bahasha yake ya plastiki yenye maisha yake yote: cheti cha ndoa, pasi, barua za kazi. Nilihitaji tarehe za utumishi wake, kwa hiyo nikazipitia zile barua, na ya mji ule ikajitokeza. Karatasi ya njano, mhuri umefifia. Amehamishwa baada ya kupatikana na kosa la kuacha lindo bila ruhusa na kuonekana mjini bila kofia. Nikaisoma mara mbili. Hakuna fundi. Hakuna mkono. Kofia ipo.

Tukaanza fomu. Umewahi kufanya kazi polisi, ndiyo. Umewahi kubeba silaha, ndiyo, ya serikali. Umewahi kuwa mlevi, akanikata jicho. Halafu nikafika kwenye lile swali. Nikalisoma kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko vyote nilivyowahi kusema. "Umewahi kumuumiza mtu vibaya, kwa makusudi, au kusaidia aumizwe?"

"Hapana."

"Fikiri kwanza, baba."

"Nifikiri nini? Sikuwa mkorofi mimi. Uliza yeyote niliyefanya naye kazi."

"Na watuhumiwa?"

"Watuhumiwa tuliwahoji."

"Asiyesema?"

"Anatiwa adabu." Akamenya muhogo. "Hiyo siyo kuumiza, mama. Kuumiza ni ugomvi, wa pombe au wa mwanamke. Ile ilikuwa kazi."

Ananiita mama akiwa mpole, kwa sababu nina jina la mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, sikujiandaa kwa upole. Nikaona hasira inanipanda mimi. Nimesafiri siku nzima, nimesoma watu mia kadhaa waliokufa zamani, na huyu ananiambia ilikuwa kazi.

"Kwa hiyo fundi baiskeli hakuumia," nikasema.

Aliweka muhogo kwenye sahani. Treni ya mizigo ilikuwa inapita nyuma ya nyumba, vikombe vinatetemeka, tukaisubiri iishe. Ni ndefu zile treni.

"Unamkumbuka yule?" akauliza.

"Baba, hakuiba pampu." Sauti ilinitoka ya darasa la tano, siwezi kuieleza vingine. "Mimi ndiye niliyeiacha nyuma ya pipa. Niliiona baadaye, nikaificha. Nilikudanganya."

"Najua."

Nikadhani sijamsikia vizuri.

"Niliikuta siku ya kupakia mizigo," akasema. "Chini ya kuni, imefungwa kwenye gauni lako. Niliitupa mtoni tulipovuka daraja."

Nililikumbuka daraja lile. Lori lilisimama, baba akashuka, tukaambiwa anakagua matairi. Miaka arobaini na zaidi nimebeba jambo lile peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, yeye kiti cha mbele na mimi juu ya magodoro.

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukurudi kumwambia yeye?"

"Nirudi nimwambie nini? Wewe ulikuwa mtoto, na yule keshaumia."

Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe. Alikaa ameinamia meza, kidole gumba kinasugua ukingo wa kikombe, kinarudi, kinasugua.

"Soma tena hilo swali," akasema.

Nikasoma.

"Andika ndiyo."

Na hapo, mimi niliyekuwa na madaftari yangu na nidhamu yangu na adabu yangu, nikaanza kumbembeleza. Nikamwambia wakiona ndiyo wanaweza kumnyima, wanaweza kumwita, wanaweza kumrudisha, na kule hana nyumba, mama hayupo, wajukuu wako huku. Nikamwambia mambo ya zamani hayo, hakuna anayejua, hata barua inasema kofia. Nilimwonyesha barua. Ndiyo, nilimwonyesha. Naona haya kuandika lakini ndivyo nilivyofanya: nilimwambia baba yangu ajifiche nyuma ya kofia.

Aliisoma ile barua kwa mbali, amenyoosha mkono, akairudisha kwenye bahasha.

"Mkuu wa kituo alinisaidia pale," akasema. "Aliniambia tuandike lindo, mambo yaishe. Nikamshukuru. Nilimpelekea na kuku." Akavuta pumzi. "Huko mwisho wa fomu unaniambia kuna kiapo. Mimi sitaki kwenda kunyanyua mkono na lile jambo liko mfukoni. Andika ndiyo, mama. Wakikataa, wamekataa."

Nikaweka alama.

Ukijibu ndiyo, unatakiwa ueleze kwa karatasi ya pembeni. Nilimwambia aseme kwa Kiswahili, mimi niandike, halafu nitafsiri, na mwanasheria aione kabla haijatumwa. Akakaa wima. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya kaunta niliyoisikia kupitia dirisha utoto wangu wote, na nikaandika alivyosema, neno kwa neno. Kwamba akiwa askari wa zamu, alimkamata fundi baiskeli mmoja kwa tuhuma za wizi wa pampu. Kwamba alimpiga kwa kirungu mkono wa kulia ili akiri. Kwamba hakukiri. Kwamba mkono ule haukupona. Kwamba baadaye aligundua mtu huyo hakuwa na kosa, na hakumwomba radhi. Jina la fundi alilisema mara moja, kamili, na la baba yake fundi. Alikuwa nalo miaka yote hiyo. Mimi sikuwahi kulijua.

Halafu akakumbuka kitu. "Rudi juu. Pale kwenye tuhuma. Weka: baada ya kupokea taarifa kutoka kwa raia mwema."

Kalamu ikasimama.

Ndivyo polisi wetu wanavyoandika. Yeyote aliyepeleka habari kituoni, awe mwema awe mshenzi, kwenye taarifa ni raia mwema, na jina lake halitajwi. Ni kumkinga. Nimelisikia neno hilo redioni maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani limeandikwa kwa ajili yangu. Nilitazama karatasi, nikatazama fomu ya uraia iliyokuwa chini yake. Nikakumbuka kisanduku changu cha hapana. Au kusaidia aumizwe, linasema swali.

"Andika," akasema baba. "Ndivyo inavyoandikwa."

Niliandika raia mwema. Kisha nikapiga mstari juu yake, nikaandika: binti yangu.

Akavuta karatasi upande wake. Akavaa miwani, akasoma polepole huku midomo inacheza. Nilimngoja anikaripie, maana raia mwema hatajwi, na mimi nimeharibu taarifa. Akanyoosha mkono nikampa kalamu. Akainama, na kwa ule mwandiko wake wa konstebo, juu ya mstari, pale penye nafasi ndogo baada ya neno binti yangu, akaongeza: wa miaka kumi.

Akanirudishia karatasi, akauliza kama chai imebaki.